Neno la Maisara Peke Yake

"Mwandikie imekwisha! Unangoja nini?"

Mize alisimama katikati ya jiko lake, mtaa wa Hodge Hill huko ughaibuni, mwiko mkononi, mchuzi unafurika na yeye hana habari. Mdogo wake, Maisara, alikuwa ameikodolea simu macho.

*Eda imekwisha au bado? Kama bado, nakurejea leo hii.*

Ni Amour huyo, mume aliyempa talaka moja na kumtoa nyumba yao ya mtaa wa Perry Barr mvua inanyesha. Leo kakumbuka ana mke!

Mambo yenyewe ndiyo haya, msomaji wangu. Eda ni muda wa kungoja baada ya talaka; hedhi ya tatu ikifika, mwanamke yuko huru. Kabla ya hapo, mume akitamka tu kwamba amemrejea, ni mkewe tena, atake asitake. Na shahidi hakuna. Kinachosadikiwa ni neno la mwanamke mwenyewe.

"Haijaja, dada."

"Najua! Lakini nani mwengine anajua?"

"Mungu."

"Na ulivyofukuzwa hakuona?"

"Kaona. Simdanganyi kwa sababu ya Amour."

Alikuwa anaogopa, tena sana. Akapiga simu, akaweka spika Mize asikie.

"Amour, eda bado."

"Alhamdulillahi! Basi sikiliza, mimi naku..."

"Ngoja kwanza. Ningekudanganya usingejua mpaka unaingia kaburini. Nimesema kweli kwa kumuogopa Mungu. Na wewe muogope Yeye, si mimi. Unanirejea tukae kwa wema, au unanikomoa?"

Televisheni ilisikika upande wa pili, kisha ikazimwa.

"Nasikia Ishaka anakuulizia, anataka akuoe."

"Sikukuuliza habari za Ishaka."

Mize akauweka mwiko chini.

"Nilitaka kukukomoa," alisema Amour, sauti imemshuka. "Wallahi, Maisara. Nilitaka asikuoe yule, basi. Nyumbani hata pahala pako sijapafikiria."

Maisara aliuma mdomo. Kumbe moyo wake mjinga ulikuwa unangoja aambiwe anapendwa, na aibu ya kungoja huko ilimchoma kuliko maneno yenyewe.

"Basi fanya uonavyo."

"Sikurejei. Nikurejee vipi, na nishasema mbele ya Mungu nataka kukudhuru? Maliza eda yako. Na unisamehe."

Simu ikakatika.

Mize akapiga kigelegele mpaka jirani akagonga ukuta. Maisara akaketi sakafuni, akamlilia mumewe.