Upanga Uliong'arishwa

Kila Jumamosi asubuhi Kimbelembele alifagia karakana ya shangazi yake, fundi wa vyuma vya kale. Jina hilo alipewa nyumbani, nalo lilimfaa barabara: ukimtuma maji, keshaosha na vyombo; usipomtuma, ndiyo balaa.

Siku hiyo alifungua gunia lililoachwa jana jioni na dereva mstaafu wa treni, ambalo shangazi hakuwa amelifungua bado. Ndani mlikuwa na upanga uliojaa kutu. Marehemu baba wa dereva aliwaambia wanawe kuwa ni urithi wa mababu. Ndugu zake walicheka, wakasema mzee aliununua sokoni akawadanganya. Dereva roho ilimuuma, ndipo akauleta kwa fundi aambiwe kama ni wa kale au wa bandia.

"Shangazi aukute safi," alijisemea Kimbelembele. Akachukua msasa, akausugua mpaka ukang'aa kama sufuria mpya.

Shangazi alipofika aliuinua dirishani, akauchunguza kwa kioo cha kukuzia. Akaguna.

"Mikwaruzo mipya, kutu hakuna hata chembe. Marehemu aliuziwa mbuzi kwenye gunia, au aliwadanganya kweli." Akachukua simu ampigie dereva.

Kimbelembele aliutazama msasa. Akinyamaza, hakuna atakayejua. Lakini marehemu ataitwa mwongo, na hayupo kujitetea.

"Shangazi, usipige. Nimeusugua mimi. Ulikuwa na kutu tele."

Shangazi aliiweka simu mezani. "Ewe mtoto, kutu ndiyo shahidi wangu, nawe umemfukuza. Haya, lete nyundo ndogo. Kuna mahali msasa wako haukufika."

Aligonga misumari ya mpini, akauvua. Sehemu ya chuma iliyojificha ndani ya mpini ilikuwa nyeusi, imechimbwachimbwa na kutu, na alama za nyundo ya mhunzi zilionekana wazi. Shangazi akaikwaruza kwa ukucha.

"Kutu ya kupaka hubanduka. Hii haitoki. Upanga huu ni wa kale, sina shaka."

Akapiga simu, akaeleza yote, pamoja na kosa la msasa.

"Ung'ae using'ae, ni wa baba," alisema dereva. "Kumbe hakutudanganya."

Shangazi akamgeukia Kimbelembele. "Umesikia? Bidii bila kuuliza huharibu kazi. Siku nyingine uliza kwanza. Lakini ungeficha kosa lako, leo ningemwita marehemu mwongo kwa kinywa changu, na wanawe wangeniamini."