Mama, Bado?

Kisa hiki nilipewa na Ione Tackett, yule mama aliyekuwa akipiga pasi nguo za waigizaji kwenye studio moja ya filamu ya Culver City, kule California. Na Ione hakuwa mwongo, labda kwenye umri wake tu. Haya, sogeeni. Wewe, toa mguu juu ya mwenzio.

Basi palikuwa na kipindi cha televisheni cha mambo ya ajabu. Kila wiki kisa kipya na watu wapya, leo watu wa Mirihi, wiki ijayo mashine yenye wivu. Mshonaji wa pale alikuwa Bernice Wachowiak. Mumewe alikwenda vita vya Korea, hakurudi.

Siku moja asubuhi wamemaliza kupiga filamu, Wendell, fundi wa sauti, akasema, "Haya jamani, nipeni kimya changu."

Ndiyo desturi yao. Kabla hawajatoka, watu wote wanasimama kama miti, fundi anarekodi kile kimya. Maana kila chumba kina kimya chake, na baadaye, wakiunganisha vipande vya filamu, wanakitumia kuzibia mapengo. Wendell akavaa hedifoni zake masikioni. Akakunja uso.

"Nani huyo anapumua kama ng'ombe?"

"Mkeo," akasema seremala. Watu wakaangua kicheko.

"Sitanii mimi. Tunarudia."

Wakarudia. Safari hii Wendell alizivua hedifoni taratibu, uso mweupe kama unga. Alichokisikia hakikuwa pumzi ya mtu mzima. Kilikuwa kinapumua kidogo kidogo, kwa pua, kama mtoto aliyejificha anayeogopa kuonekana. Halafu ikaja harufu, na hiyo waliisikia wote, ile dawa kali ya kuchua wanayopakwa watoto kifuani wakiwa na homa.

Bernice alikuwa pembeni, pini zimejaa mdomoni. Alizitema zote chini.

Dawa ile aliijua. Alimpaka mwanawe, Trudy, asubuhi ya siku yake ya mwisho.

Ilikuwa hivi, wajukuu zangu. Trudy alipewa kuigiza mtoto anayelazwa ndani ya sanduku la kioo, asafirishwe usingizini mpaka kwenye nyota. Kazi kubwa, mtoto mdogo. Siku yenyewe akaamka mwili wa moto. Mama akamchua kifua, akamvika, akampeleka. Njiani akamwambia, "Ukishalala mule usitikisike, hata pua ikikuwasha. Mpaka umsikie Bwana Pruitt mwenyewe anasema 'Kata'. Mtu mwingine akilisema, jifanye hujasikia."

Kwa watu wale neno hilo, la kusimamisha kamera, ni la mwongozaji peke yake. Kuna fundi aliwahi kulipiga kelele kwa utani, akafukuzwa kazi kabla ya chakula cha mchana.

Basi Trudy akalala, na akalala vizuri mno. Harlan Pruitt, mwongozaji, alikuwa akimtazama na kufurahi moyoni, mpaka alipoona kile kioo, kilichokuwa kikifanya ukungu kwa pumzi ya mtoto, kimekuwa safi. Hakusema kitu. Alikimbia, akajikwaa kwenye nyaya, akakivunja kioo kwa mikono yake. Wapi! Kumbe moyo wa mtoto ulikuwa mbovu siku nyingi na hakuna aliyejua.

Na lile neno halikusemwa. Nani angelikumbuka?

Baada ya Wendell kusikia zile pumzi, mafundi walileta padri. Akanyunyiza maji ya baraka kila kona, na pumzi zikaendelea vilevile. Bernice hakumshukuru. Nani alimwambia kuwa anataka mwanawe afukuzwe? Kila mchana, wenzake wakienda kula, alimwomba Wendell hedifoni, akakaa pale lilipokuwa lile sanduku. Nje jua la California linachoma, mle ndani hamna dirisha hata moja, giza tupu. Anasikiliza tu. Akakonda, nguo zikamning'inia.

"Bernice dada, kula hata mkate," Ione akamwambia.

"Nimeshiba."

"Umeshiba nini, hewa?"

"Ndiyo," akasema Bernice. "Hewa yake."

Halafu siku moja amekaa vile gizani, amefumba macho, anahesabu zile pumzi kama mtu anayesali, akasikia zinapunguza mwendo, zinakaribia, zinakaribia sana, mpaka akahisi zile hedifoni zinapata joto kwenye sikio moja tu kama vile kuna mdomo umewekwa pale, na ile harufu ya dawa ikapanda hadi machozi yakamtoka, na ndani ya ile pumzi ikatoka sauti ya mtu anayeongea bila kufungua midomo, asije akaharibu kazi ya watu:

"Mama. Bado?"

Bernice angeweza kusema ukweli. Lakini mtoto ndiye huyo, yupo, anaongea.

"Bado, kipenzi," akanong'ona. "Kidogo tu."

Akamdanganya siku ile, na kesho yake, na siku zilizofuata. Kila siku sauti ile ilizidi kuwa nyembamba. "Mama, nasikia baridi. Bado?" Bado, kipenzi. "Mama, mguu umekufa ganzi. Nikiusogeza watakasirika?"

Hapo Bernice alizivua hedifoni, akatoka nje bila hata kuvaa koti.

Pruitt alikuwa ameacha kazi, amejifungia nyumbani kwake, mtaa wa Van Nuys, mapazia yameshushwa. Alifungua mlango kwa mikono yake yenye makovu ya kioo.

"Ukitaka kunipiga, Bernice, nipige tu."

"Nimekuja kuomba neno moja. Lile ambalo hukulisema."

Akamweleza. Yule bwana akakaa chini palepale kizingitini.

"Nikilisema ataondoka. Hilo unalijua?"

"Nalijua."

"Sasa kwa nini unataka..."

"Mguu wake umekufa ganzi, Harlan."

Wakaenda. Wendell akawasha mitambo, Bernice akakaa pale pake na hedifoni, Ione akasimama mlangoni. Pruitt akasimama palepale ilipokuwa kamera. Akasema, kwa sauti ya kazi, ile ya kila siku:

"Kata!"

Kwenye hedifoni Bernice akasikia pumzi ndefu, ile ya mtoto anayejinyoosha. Halafu miguu, inakimbia juu ya mbao, mmoja ukichechemea. Baridi ikamparamia mapajani, nzito, na mikono yake ikakumbatia pasipo na kitu.

"Mama! Nilifanya vizuri?"

"Vizuri sana."

"Sikutikisika."

"Hukutikisika, mwanangu. Hata kidogo."

"Twende nyumbani basi."

Bernice angeweza kumzuia wakati ule, angeweza kusema subiri, na mtoto angesubiri, maana alikuwa mtiifu.

"Wewe tangulia," akasema. "Mama anamalizia kazi. Nakuja."

Mlango wa pale ni mzito, wanausukuma wanaume wawili. Ione aliuona ukifunguka wenyewe, nafasi ya kupita mtoto. Mchirizi wa jua ukaingia, ukatulia kidogo, kisha mlango ukajirudisha.

Wendell akavaa hedifoni, akasikiliza.

"Kimya," akasema, na akaanza kulia.

Bernice hakulia. Alibaki amekaa vile, mikono imezunguka hewa, mpaka Ione alipokuja kuikunjua, mmoja baada ya mwingine.

Haya, imetosha. Fumbeni macho mlale. Na kwangu hapa ruksa kujigeuza, ruksa kujikuna, ruksa kuniita.