Mimi Si wa Kuazimwa

"Nissim, pete ya mama yangu nimekuazima tu. Karamu ikiisha irudi kabatini kwangu. Huyo mwanamke kashaachika mara moja, ataachika tena. Usimwambie."

Ujumbe huo mama mkwe wangu mtarajiwa, Fortuna, alidhani anamtumia mwanawe peke yake. Kumbe kautuma kwenye grupu la harusi. Ukumbi mzima pale Tiberia ukausoma, na mimi nikiwamo, nimekaa kwenye kiti cha bibi harusi na shela langu.

Dada yangu Ahuva akanishika bega.

"Tirtza, usilie. Wanja utachuruzika."

"Nani analia? Nimekasirika!"

Nikampigia bwana harusi.

"Nissim, umeusoma?"

"Mpenzi, mama ni mama tu, unamjua..."

"Ulijua pete ni ya kuazima?"

"Mpenzi, wageni wanasubiri..."

"Nissim! Ulijua?"

"Nilijua. Nilitaka siku ipite kwa amani."

"Pete ya ndoa lazima iwe mali ya mwanamume mwenyewe, kwetu Wayahudi hata mtoto mdogo analijua hilo. Ukinivisha ya mama yako, nitakuwa nimeolewa na wewe au na yeye?"

"Tutaongea baada ya..."

"Tutaongea chini ya hupa, mbele ya watu."

Nikakata simu.

Tukasimama chini ya hupa, kile kitambaa cheupe cha nguzo nne. Rabi Shaltiel akainua pete ya dhahabu, akawaonyesha mashahidi wawili.

"Duara kamili, haina jiwe wala nakshi. Safi. Nissim, pete hii ni mali yako?"

Nissim akamtupia mama yake jicho. Nikamkazia macho. Angesema ndiyo, wallahi ningekunja gauni langu na kwenda zangu nyumbani.

"Si yangu, rabi. Ni ya mama."

Watu wakaguna. Rabi akamgeukia Fortuna.

"Basi mpe mwanao iwe zawadi kabisa, tuendelee."

"Zawadi? Pete ya marehemu mama yangu, ivaliwe na mtu aliyeachika?"

Nikalifunua shela kwa mikono yangu mwenyewe.

"Niliachika, sikufa! Yule mume wa kwanza alikuwa ananipiga, nikadai talaka yangu mpaka akanipa. Sina aibu nayo. Pete yako kaa nayo, mama. Mimi si wa kuazimwa."

"Waambie, mwanangu!" shangazi yangu akapaza sauti, akapiga kigelegele.

"Rabi, nisubirini," Nissim akasema, na hapohapo akatoka mbio kuelekea maegesho ya magari.

Fortuna akacheka.

"Mwanangu ana akili. Kakimbia!"

Hilo liliniuma, sifichi. Nilisimama pale peke yangu, lakini sikutoka.

Nissim akarudi anahema, jasho linamtiririka. Yeye ni fundi bomba, na gari lake la kazi lilikuwa limeegeshwa nje. Akafungua kiganja. Ndani mlikuwa na kipete cha shaba, kile cha kukazia maungio ya bomba, kipya kabisa.

"Hiki nimekinunua mimi, kwa jasho langu. Hakuna mwingine mwenye kukidai."

Rabi akakigeuzageuza.

"Mashahidi, kina thamani angalau ya senti, kama sheria inavyotaka?"

"Kinayo."

"Bibi harusi, unajua kwamba hii si dhahabu?"

"Najua, rabi. Ni ya bomba."

Watu wakaangua kicheko.

"Nissim!" Fortuna akafoka. "Mtaa mzima utasema mwanangu kaoa kwa bomba!"

"Waseme, mama. Mabomba yao yakivuja watanipigia tu."

Akanigeukia.

"Nisamehe, Tirtza. Nilikuwa mwoga."

"Nivishe kwanza. Msamaha utaufanyia kazi."

Nikamnyooshea kidole cha shahada, mkono wa kulia, kama ilivyo desturi yetu. Kipete kikakwama kwenye kifundo. Akakizungusha taratibu, kifundi, mpaka kikaingia.

"Kwa pete hii, umewekwa wakfu kwangu kwa sheria ya Musa na Israeli."

Machozi yakanitoka, na wanja ukachuruzika kweli. Glasi ya desturi ikavunjika chini ya kiatu chake, ukumbi ukalipuka kwa hongera: "Mazal tov!"

Tukiwa katikati ya ngoma, Fortuna akanivuta pembeni, dhahabu yake mkononi, uso kaukunja.

"Haya, chukua. Hiyo shaba itakugeuza kidole kijani."

"Ya kuazima?"

Akaniwekea pete kiganjani.

"Ya kwako. Nilikukosea."

"Asante, mama. Nitaivaa sikukuu. Lakini niliyoolewa nayo ni hii, na kidole kikiwa kijani, ni changu."

Nikamshika mkono, nikamwingiza kwenye ngoma.