Moshi katika Nyumba ya Hadjira

Mwaka ule kisiwa chetu cha Anjouan kilikuwa kimejitenga na visiwa vingine vya Komoro, na wakubwa wakatufungia njia. Meli haziji bandari yetu ya Mutsamudu. Ndege hazitui. Ukipiga simu Moroni, mji mkuu, husikii hata mlio.

Chanfi alikuwa mchukuzi bandarini. Meli zisipokuja, mchukuzi hana kazi, na Chanfi asipokuwa na kazi huvuta sigara. Alivuta akinywa chai. Alivuta akisubiri wali. Jioni alivuta uwanjani na wenzake, wakibishana juu ya siasa ambayo hakuna aliyewauliza rai yao.

Kisha sigara za dukani zikaisha. Tulidhani sasa atapumzika. Thubutu. Alitafuta tumbaku ya shamba, akaikatakata, akaitia karafuu iliyosagwa na kuisokota kwa karatasi ya daftari. Karafuu hatukuzikosa. Zilijaa ghalani, hazina meli ya kuzichukua.

"Hii si sigara, ni dawa," alimwambia mkewe, Hadjira. "Karafuu huponya jino. Itashindwaje kuponya kifua?"

Wanaume wa mtaa, watu wazima wenye akili zao, wakamwamini.

Binti yao Mounia alikuwa na miaka saba, na alikuwa na pumu. Dawa yake, ile ya kuvuta kwa mdomo, ilitoka Moroni. Aliyeituma ni Zouhoura, mdogo wake Hadjira. Sasa kimebaki kichupa kimoja tu, nacho kimeanza kuwa chepesi.

Alasiri moja Chanfi aliwasha "dawa" yake sebuleni. Mounia alikuwa kando yake, anaandika aya kwenye ubao wa chuo cha Kurani. Akaanza kukohoa. Kifua kikapiga mluzi. Midomo ikawa ya kijivu. Hadjira alimbeba mgongoni akakimbia naye kwa jirani yao Wardati, muuguzi wa zahanati.

Wardati alimkalisha mtoto wima, akampa dawa ya kile kichupa alichokuja nacho Hadjira, akamwambia apumue taratibu. Baada ya robo saa rangi ilirudi. Hapo ndipo Chanfi alipofika, ameshika ukuta, anakohoa. Zile ngazi chache za kichochoroni zilikuwa zimemshinda. Ana miaka thelathini na sita.

Wardati alinusa shati lake, akamuuliza anavuta nini. Chanfi alieleza habari ya karafuu, tena kwa fahari. Wardati hakucheka.

"Baba Mounia, karafuu ukiichoma ni moshi kama moshi mwingine. Inatia koo ganzi tu. Husikii ukali, basi unavuta ndani zaidi. Ganzi si kupona."

Alimweleza kwamba tumbaku ya shamba na ya dukani zina sumu ileile. Moshi wake huharibu mapafu, moyo na mishipa ya damu, na huleta saratani. Aliyekaa karibu na mvutaji anauvuta pia, na mwenye pumu ndiye huumia haraka. Kufungua dirisha hakutoshi. Chanfi akasema basi atavutia nje. Wardati akajibu kwamba ni afadhali kidogo, lakini moshi hurudi na nguo, na mapafu yake mwenyewe yataendelea kuoza.

Walirudi nyumbani. Mlangoni Hadjira alisimama.

"Nyumba hii baba yangu alinijengea mimi, nami namwekea Mounia," alisema. "Wewe tulikukaribisha kwa arusi na heshima zote. Moshi hatukuukaribisha. Siwezi kuvuka bahari kuleta dawa. Ninachoweza kuzuia ni moshi huu."

Kwetu kila mtu anajua kwamba mume huhamia nyumba ya mke. Lakini mume haambiwi hivyo usoni. Chanfi aliinamisha kichwa. Maneno yalimuuma, lakini ile midomo ya kijivu ilimuuma zaidi.

Kesho yake alirudi kwa Wardati. Alisema amevuta miaka kumi na minane, ataachaje?

"Ramadhani unavuta mchana?"

"Hapana."

"Basi mwili wako unajua kukaa bila moshi. Tuufundishe na usiku."

Walichagua Ijumaa. Chanfi aliitupa tumbaku yote pamoja na karatasi zake. Akawaambia rafiki zake wasimpe hata akiomba. Hamu ikimjia, Wardati alisema, hudumu dakika chache. Anywe maji, atembee, atie udhu, atafune kitu, itapita.

Siku tatu za kwanza kichwa kilimuuma na aligombana hata na viatu vyake. Siku ya nne, uwanjani, alimpokonya rafiki yake Saïndou sigara akavuta mara tatu. Aliona haya. Alikwenda kumwambia Hadjira mwenyewe, kabla hajaambiwa na watu.

Wardati alisema wengi huanguka hivyo. Asihesabu ameshindwa, aanze tena leo. Basi Chanfi aliacha kwenda uwanjani kwa muda. Alipaka chokaa nyumba ya mama mkwe wake, mpaka mama mkwe akamwomba apumzike.

Wiki zikapita. Kikohozi kilipungua. Chakula kikawa na ladha. Ngazi alizipanda bila kushika ukuta. Mounia alibanwa na kifua mara mbili tu, tena kidogo, na kile kichupa kikamfikisha mpaka njia ilipofunguliwa.

Walipanda boti ya kwanza waliyoipata kwenda Moroni. Zouhoura alikuwa amesimama bandarini na mfuko wa dawa. Miezi yote ile hakujua kama mtoto yu hai, na hakuwa na wa kumuuliza. Alipomwona Mounia anashuka kwa miguu yake, alilia waziwazi mbele za watu.

"Mlimpa dawa gani?" aliuliza.

"Muulize shemeji yako," alisema Hadjira.

Chanfi, msemaji wa uwanja mzima, aliupokea ule mfuko wa dawa.

"Niliacha kumuua," alisema.