Dagaa Mmoja wa Binzari

Paka aliruka kutoka kwenye kapu na kutua juu ya fungu la dagaa, mbele ya umati mzima wa Soko la Majengo.

"Mshike! Asile hata mmoja!" Sabiha alipiga kelele, baibui lake likiburuzika vumbini.

Rahimu, mwenye dagaa, alimnyanyua. Alikuwa paka wa manjano, mnene, lakini shingo na masikio yalikuwa yamenyonyoka manyoya na kujaa vidonda vya kujikuna.

"Dada, mwache ale wawili. Sadaka."

"Sadaka ya kumuumiza? Ndiyo kwanza tunatoka kwa daktari wa mifugo. Viroboto tumeshamtibu, bado anajikuna. Daktari anahisi ni mzio wa chakula. Wiki nane ale sungura tu, nyama ambayo hajawahi kuila, na matone ya vitamini. Samaki, ng'ombe, maziwa, marufuku. Hata kulamba!"

"Paka anyimwe dagaa? Si sawa na kumkataza Mgogo mlenda!"

Sabiha alicheka bila kutaka, na kicheko kile ndicho kilichommaliza Rahimu. Mtoto wa kike alikuwa na macho ya wanja na mwanya ulioonekana akicheka tu. Paka naye alikuwa ametulia mikononi mwa Rahimu, anakoroma kwa raha.

"Ajabu," Sabiha alisema. "Binzari hapendi wanaume. Wamekuja wachumba wawili, wote kawaparura. Marehemu baba alimleta akiwa mdogo kama ngumi, na mimi nimeshasema: anayekataliwa na Binzari, simtaki."

Alisema kwa utani. Rahimu, masikini, akalibeba neno lile kama sharti la mahari.

Ijumaa ya kwanza alikwenda kwa kina Sabiha, Ipagala, kumjulia hali paka baada ya swala, kanzu imenyooka, amejifukiza udi. Binzari alimtunishia mgongo na kumfokea kama mwizi. Ijumaa ya pili Rahimu alikwenda na dagaa mmoja mfukoni, akampa walipobaki wawili ukumbini. Tangu hapo paka akawa hambanduki miguuni.

"Mwanangu, umemfanyia dawa gani?" Bi Stara, mama yake Sabiha, alimuuliza.

"Upendo tu, mama."

Hakujiona mwongo. Alikuwa ameuza dagaa miaka tisa na hajapata kuona paka aliyedhurika kwa dagaa. Tena mmoja kwa wiki, si hata tonge.

Mapenzi yakakolea. Simu zikawa haziishi.

"Umekula, laazizi?"

"Nimekula. Wewe?"

"Nimekula, ila sijashiba. Sijakuona."

"Mwongo wewe! Lete maneno hayo Ijumaa, nikutazame machoni."

Wiki ya nane ilipokwisha, Sabiha alipiga simu akilia.

"Hajapona, Rahimu. Daktari anasema basi si chakula, labda ni vumbi la huku kwetu, au mikeka. Mama kachoka na damu kwenye mito. Jumapili nampeleka Gulwe kwa shangazi. Kitu pekee alichoniachia baba, nimeshindwa kukitunza. Njoo umuage, maana anakupenda."

Rahimu alibaki na simu sikioni hata ilipokatika. Angeweza kunyamaza. Paka angekwenda Gulwe, sharti lingekwenda naye, na hakuna ambaye angejua. Lakini kilio kile kilimkaa kifuani, akashindwa kupima hata robo kilo. Alifunika meza yake mchana kweupe, akaenda Ipagala na nguo zake za sokoni.

"Usimpeleke," alisema kabla hata ya salamu. "Nilikuwa nampa dagaa. Kila Ijumaa. Mmoja tu."

Sabiha aliliweka kapu la paka chini.

"Hata kulamba, nilikwambia."

"Nilidhani mmoja si kitu. Niliogopa akinikataa, nawe utanikataa."

"Mimi nazunguka kutafuta sungura, namchemshia bila hata chumvi, mama akila nyama namfungia paka chumbani asionje. Wewe unakuja na kanzu nyeupe unamhonga! Niliogopa yeye kuumwa, wewe uliogopa kukataliwa. Toka, Rahimu."

Alitoka. Kesho yake Sabiha alimrudia daktari, akaanza kuhesabu upya kutoka siku ya kwanza.

Habari hizo Rahimu alizipata kwa Bi Stara aliyekuja sokoni. Tangu hapo, kila wiki alimkabidhi sungura aliyechunwa.

"Mwambie umemnunua mwenyewe, mama."

"Uongo mwingine tena? Nitamwambia umeleta wewe."

Nyama ilipokewa. Salamu haikurudi. Ijumaa nane Rahimu alizihesabu moja moja, na kila moja ilimuuma.

Kisha simu ikaita.

"Rahimu."

"Naam, laa... naam, Sabiha."

"Manyoya yamerudi. Sasa daktari anataka tuhakikishe. Tumrudishie chakula kimoja kimoja, tuone kipi kinamwasha. Tunaanza na dagaa. Lete wewe, kipimo unakijua."

Rahimu alipeleka dagaa mlangoni, akampa Bi Stara, akaondoka. Siku ya tatu Binzari akaanza kujikuna shingo. Mchawi akajulikana, dagaa wakapigwa marufuku ya maisha, na mwasho ukatulia.

Ijumaa iliyofuata Sabiha alimwita ndani. Rahimu aliingia amesugua mikono kwa sabuni na ndimu, mifuko mitupu. Binzari alimjia mbio, mkia juu. Akanusa mfuko wa kulia, akanusa wa kushoto, akapanda mapajani akanusa vidole. Hakupata kitu. Akamchana kifundo cha mkono, akaondoka zake bila kugeuka nyuma.

Bi Stara, aliyekuwa akichungulia mlangoni, aliangua kicheko. Sabiha alikuja na pamba, akaanza kumfuta damu taratibu.

"Umeona," Rahimu alisema. "Amenikataa."

"Amekukataa kabisa."

"Na sharti lako?"

"Wale wachumba wawili waliparurwa mara moja, hawakuonekana tena." Hakuuachia mkono wake. "Wewe umeparurwa na paka, ukaparurwa na mwenye paka, na bado umerudi. Nikupe mtihani gani mwingine? Nilikukumbuka, Rahimu. Kila Ijumaa."

"Sabiha wangu..."

"Waambie wazee wako waje Jumamosi. Ila wanawe mikono kwanza, tena kwa ndimu. Sitaki posa yangu inuke dagaa."