Mvuto Mfupi na Mvuto Mrefu

Kila alfajiri, baada ya swala, kazi ya kwanza ya Saandia ilikuwa kupampu maji. Nyumba ya mama yake mkubwa, Koultoum, ilikuwa Magoudjou, mjini Moroni, na mji huo hauna mto. Mvua ikinyesha, maji huteremka kutoka kwenye mabati na kuingia katika birika kubwa la saruji lililoko uani. Kutoka birikani, Saandia aliyasukuma kwa pampu ya mkono hadi kwenye pipa lililowekwa juu ya paa, ambalo lililisha mifereji ya nyumba. Aliinua mpini, akaushusha, akauinua tena, huku akisoma uradi wake kimoyomoyo, mpaka pipa lilipofurika na matone yakaanza kumdondokea kichwani.

Saandia alikuwa na miaka kumi na miwili. Alizaliwa Mutsamudu, katika kisiwa cha Nzwani, ambako mto hupita mjini. Kwa Mjomba Mouigni, aliyekuwa fundi bomba, mfereji ulitiririka utakavyo na hakuna aliyeuliza maji yatakwisha lini. Saandia alizoea kumbebea mjomba mfuko wa spana, na alijiona anajua mambo ya mabomba kuliko mtoto yeyote wa Moroni.

Mwaka ule nyumba ya Koultoum ilikuwa katika pilikapilika. Binti yake, Nouriat, alikuwa anafungiwa ndoa kuu, ile harusi ya fahari inayotazamwa na mji mzima. Kwa desturi ya visiwa vile, nyumba ni mali ya bibi harusi, na wanawake wa upande wa bwana harusi huja kuikagua chumba kwa chumba. Fahari ya nyumba hiyo ilikuwa choo cha kuvuta maji, ambacho Zaïdou, kaka yake Nouriat, alikileta kwa meli kutoka Marseille. Ukivuta kitasa kilichokuwa juu ya tangi, maji yalishuka kwa kishindo hata kuku wa uani wakatawanyika.

"Choo hiki kinakunywa kuliko ng'ombe," alilalamika Koultoum siku moja, akichovya ufito wa mwanzi birikani kupima kina. "Kusi ndiyo kwanza imeanza, na mvua bado iko mbali. Tutawapikia wageni kwa mate?"

Maneno hayo yalimkaa Saandia moyoni. Akakumbuka kwamba mjomba wake aliwahi kuweka mawe ya mtoni ndani ya tangi la choo cha mteja mmoja. Tangi lenye mawe hupokea maji machache. Basi, watu wote walipokwenda kwa fundi cherehani, Saandia aliokota mawe meusi nyuma ya nyumba, akainua kifuniko cha tangi, akayapanga ndani na kufunika. Hakumwambia mtu. Alitaka birika lizungumze lenyewe, kisha yeye asimame na kusema, "Ni mimi!"

Lakini mawe ya Moroni si mawe ya Mutsamudu. Jiwe la mtoni limesuguliwa na maji tangu enzi na enzi, ni gumu na laini kama yai. Jiwe la Moroni limetapikwa na mlima wa moto. Lina matundu kama sifongo, na likikaa majini hupukutika punje punje. Saandia hakulifikiria hilo.

Baada ya siku chache, pipa la juu likawa linaamka likiwa tupu. Saandia alipampu mpaka mabega yakamwaka moto. Koultoum alipochovya ufito wake, uso ulimbadilika.

"Kuna mtu anatuibia maji," alisema.

Mtu mmoja tu asiye wa nyumba ile alikuwa na ruhusa ya kuchota birikani: Bibi Dhakia, mjane wa nyumba ya pili. Yeye alikuwa miongoni mwa Wakomoro waliokimbia mauaji ya Mahajanga, huko Bukini, kisiwa kikubwa cha jirani, wakaletwa nyumbani kwa ndege mwaka wa 1977. Watu wa mjini waliwaita Sabena, kwa jina la ndege zile. Wengine walilitamka jina hilo kwa wema, wengine kwa kubetua midomo. Bibi Dhakia alioka mikate ya unga wa mchele na kuiuza mlangoni kwake asubuhi. Koultoum alikuwa amempa ruhusa ya ndoo moja kila alfajiri, kwa sababu maji ya visima vya pwani yana chumvi.

Asubuhi hiyo Koultoum alimkabili mbele ya wateja, Saandia akiwa nyuma yake.

"Kwezi, bibi," Saandia aliamkia, kama mtoto anavyomwamkia mkubwa.

"Mbona, mwanangu," aliitikia Bibi Dhakia kwa desturi, akigeuza mkate.

"Dhakia," alisema Koultoum, "nilikupa ruhusa ya ndoo moja. Unachota ngapi?"

"Moja, mama Nouriat. Na ndoo yenyewe unaijua."

"Basi maji yangu yameota mbawa?"

Zouhoura, mteja asiyejua kuuzuia ulimi wake, aliangua kicheko. "Si ni Sabena huyu? Maji nayo yamepanda ndege!"

Wateja walicheka. Wakati huohuo gari la wale askari wa kizungu wa kukodiwa, waliokuwa wakilinda ikulu, lilipita kwa kasi. Kila mtu alitazama chini mpaka vumbi likatulia. Bibi Dhakia ndiye aliyeinua uso kwanza.

"Nilipopanda ndege ile sikuwa na hata sufuria," alisema taratibu. "Nilichoshuka nacho ni jina langu tu. Hilo nalo mnalitaka?"

Jioni, Koultoum alifunga kifuniko cha birika kwa kufuli, na ufunguo akaufunga katika pindo la leso yake. Kuanzia siku ya pili Bibi Dhakia alitembea hadi kisima cha pwani. Mikate yake ikawa na ladha ya chumvi, na wateja wakaanza kupungua.

Saandia naye aliamini kwamba mwizi amepatikana. Lakini alfajiri ya pili baada ya kufuli kufungwa, alipopanda ngazi kuchungulia pipa, alilikuta tupu! Alishuka polepole. Kufuli lilikuwa mahali pake, na ufunguo ulikuwa kiunoni mwa mama mkubwa. Nyumba nzima ilikuwa kimya, isipokuwa sauti moja nyembamba kutoka chooni: ssss.

Alikimbilia jikoni, akachukua manjano kidogo, akainua kifuniko cha tangi na kuyatia majini, kama alivyomwona mjomba akifanya kutafuta mvujo. Kisha akachuchumaa na kungoja. Haukupita muda mrefu, mchirizi wa rangi ya njano ukateremka ndani ya bakuli la choo, na hakuna mtu aliyekuwa amevuta kitasa. Alipotia mkono tangini, vidole vilitoka na punje nyeusi. Mawe yake yalikuwa yamepukutika, punje zikakwama chini ya kizibo cha mpira, na maji yakawa yanavuja usiku na mchana.

Shetani hakukosa la kumnong'oneza. Yatoe mawe, kisafishe kizibo, unyamaze. Maji yataacha kupungua, na mama mkubwa atasema, "Mnaona? Kufuli limemkomesha." Hakuna atakayejua.

Saandia aliona ubaya wa fikira hiyo mara moja. Kufuli lingesifiwa, na Bibi Dhakia angeitwa mwizi mpaka kufa kwake. Alimwomba Mola wake ampe ulimi, akaenda moja kwa moja chumbani kwa Koultoum akiwa na punje nyeusi kiganjani.

"Mama mkubwa, mwizi wa maji ni mimi."

Akamweleza yote. Koultoum aliketi kitandani.

"Kwa nini hukuniuliza kabla?"

"Nilitaka mnisifu."

Koultoum alifumba macho. "Na Dhakia je? Baada ya harusi tutampelekea sinia la chakula kizuri. Atasahau."

"Yeye labda atasahau," alijibu Saandia bila kurudi nyuma. "Zouhoura hatasahau, mama mkubwa. Wala wateja hawatarudi."

Koultoum alikwenda kufunga koki ya choo na kuagiza watu watumie ndoo.

Kesho yake Mjomba Mouigni aliwasili. Alikuwa amepanda ndege ndogo kutoka Ouani, kule Nzwani, ili kusaidia maandalizi ya harusi. Kabla hata hajamaliza chai, Koultoum alimsimulia yote yaliyotokea na kumvuta hadi chooni.

"Ndugu yangu, nirudishie choo changu. Na nikiomba zaidi, nipunguzie kiu yake. Lakini wakaguzi wasije wakasema choo cha mwanangu ni kibovu!"

"Watasema ni choo chenye akili," alisema Mouigni. "Saandia, lete mfuko."

Walitoa mawe yote, wakasuuza tangi na kusafisha kizibo. Kisha Mouigni alimwonyesha jinsi mambo yalivyo. Ukivuta kitasa, kizibo huinuka na kuelea, wala hakirudi chini mpaka tangi lote limekauka. Kwa hiyo haja ndogo na haja kubwa zote hunywa tangi zima.

"Sasa tukikipa kizibo uzito," alisema Mouigni, "kitataka kushuka mara tu utakapoachia kitasa. Vuta na uachie: maji kidogo, ya haja ndogo. Vuta na ushikilie: maji yote, ya haja kubwa. Choo ni kilekile, lakini mivuto ni miwili."

Alitoa mfukoni chubwi, zile risasi za wavuvi za kuzamishia mishipi, akazifunga kwa waya katika shina la kizibo. Saandia alijaribu. Kizibo kilianguka haraka mno, maji yakalowesha bakuli tu.

"Umekivisha kanzu nzito," alitania Saandia.

"Basi kivue wewe, fundi."

Saandia aliondoa chubwi moja, akajaribu tena. Safari hii kizibo kilichelewa. Alisogeza waya, akabadilisha chubwi kubwa kwa ndogo, akajaribu tena na tena bila kuchoka, mpaka mvuto mfupi ukasafisha sawasawa na kutumia chini ya nusu ya tangi. Mvuto mrefu ulishuka kwa kishindo kama zamani. Kuku wakatawanyika, na Koultoum akacheka kwa mara ya kwanza tangu siku ya kufuli.

"Choo kimepona," alisema Mouigni akipangusa mikono. "Lililobaki si kazi ya fundi bomba, dada."

Koultoum alimwelewa. Asubuhi iliyofuata alijitanda leso, akamshika Saandia mkono, akaenda kwa Bibi Dhakia saa ambayo wapita njia ni wengi. Zouhoura alikuwapo.

"Dhakia," alisema Koultoum kwa sauti ya kusikika hadi ng'ambo ya barabara, "hukuniibia hata tone. Choo changu kilikuwa kikivuja. Nimekudhulumu mbele ya watu, na mbele ya watu nakuomba radhi."

"Mimi ndiye niliyekiharibu, bibi, na nikanyamaza," alisema Saandia. "Nisamehe."

Zouhoura alijifanya kutafuta kitu ndani ya kikapu chake. Bibi Dhakia aliwatazama wote wawili, kisha akafuta unga mikononi.

"Nimesamehe," alisema. "Lakini nileteeni ndoo sasa hivi. Unga unangoja."

Wateja walicheka, na safari hii Bibi Dhakia alicheka pamoja nao. Koultoum alifungua kufuli la birika, na Saandia akajaza ndoo na kumpelekea mwenyewe.

Aliporudi, Koultoum alimketisha karibu naye.

"Mwanangu, Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alikataza kupoteza maji hata kando ya mto unaotiririka. Umejifunza kuyatunza, na mikono yako ina baraka. Lakini ukitaka kutenda jema, uliza kwanza. Na ukikosea, sema mapema. Maji ya birika yakipotea, mvua itayarudisha. Jina la mtu halina mvua. Linarudishwa na ukweli tu, na ukweli lazima usemwe palepale uongo uliposemwa."