Mgomba wa Kyaruzi

Siku ile Kamugisha wa Buhembe aliamka vizuri tu. Akanywa chai, akamuaga mkewe Felicitas na mwanawe Buberwa, akawasha pikipiki kwenda Muleba kazini. Kazi yake ilikuwa kupiga picha ardhi zilizogombaniwa: kambi ya wavuvi iliyochomwa kisiwani, mahandaki ya vita vya Amin yaliyoota majani, vibanja vya migomba vilivyofyekwa. Watu hakuwapiga picha.

"Ardhi haiombi soda," alizoea kutania.

Akafika kwa mjane Ephrasia. Shemeji zake walikuwa wamemfyekea migomba yote ili ahame. Walibakiza mmoja, uliosimama kichwani pa kaburi la mumewe, Kyaruzi. Ule hata wao, pamoja na ushenzi wao, waliuogopa.

Kamugisha akachungulia kwenye kamera, akasonya. Mgomba ule ulimharibia picha. Mama wa watu alipoingia jikoni kumpashia kahawa, yeye akaokota panga. Pigo moja. Utomvu ukamrukia shati. Akapiga picha yake, kisha akainywa kahawa ya watu. Huo si ufundi, ni wizi.

Picha ilimpa jina. Ikatundikwa ukumbini Bukoba mjini, wakubwa wakaipigia makofi. Ila doa la utomvu lilikataa kukauka. Shati likianikwa juani kutwa, doa bichi. Akalitupa chooni.

Ndipo mtu akaanza kuonekana katika picha zake mpya. Mbali, kawapa watazamaji mgongo, panga mkononi. Picha iliyofuata, amesogea. Iliyofuata tena, karibu zaidi. Shati alilovaa, Kamugisha alilijua.

Alfajiri moja akatoka bila chai, akarudi mbio kwa Ephrasia.

"Mama, umeniroga?"

Ephrasia alikuwa akichambua maharage. Hakuinua uso.

"Mimi? Sina dawa, mwanangu, hata ya minyoo. Niliinama pale kaburini nikamuuliza mwenyewe: nani kakukatia mgomba wako?"

"Akasemaje?"

"Kimya," akanong'ona. "Kesho yake nikakuta kaburi limebonyea. Kalitazame."

Kweli limebonyea. Kama godoro la mtu aliyeamka.

Saa nane mchana akawa Buhembe. Felicitas kasimama mlangoni, mikono kichwani.

"Tumekukosea nini, Baba Buberwa?"

Kibanja alichorithi kwa baba yake kilikuwa kimelala chini. Migomba yote. Utomvu unachuruzika.

"Nani kafanya hivi?"

"Unaniuliza mimi? Asubuhi nzima unafyeka! Nimekuita, nimekuita. Hukugeuka."

Asubuhi nzima yeye alikuwa Muleba.

Akaingia shambani. Katikati, mgomba mmoja ulikuwa umesimama. Chini yake udongo umeinuka. Urefu wa mtu. Urefu wake.

Juu ya udongo, limekunjwa vizuri, shati lake.

Akaligusa. Doa lilikuwa bado bichi.